Nyumba Isiyopitisha Upepo

Shemeji yangu Anaclet Bisimwa alikuwa mtu mgumu, na sisemi hivyo kumsengenya, maana yeye mwenyewe alijivunia ugumu wake. Alikuwa mwashi. Serikali ya Zaïre ilipopiga marufuku majina ya Kikristo, kwenye karatasi akabaki Bisimwa tu, lakini nyumbani, kanisani na huko alikojenga tuliendelea kumwita Anaclet. Alimwoa dada yangu Eulalie, nami niliishi kwao Bagira, mtaa wa Bukavu, miaka kadhaa nikishonea watu nguo kwenye baraza lao. Nilimpenda, na alinichosha. Hasira zetu zilifanana, ndiyo maana tuligombana kila mara kwa mambo ya bure, chumvi ya maharagwe, kiti kilichoachwa mvuani, halafu tukasahau.

Watu wa Kamanyola, kule chini tambarare ya Ruzizi, wakipanda Bukavu hushangaa. Wanakuja na shati jepesi, na jioni wanaomba blanketi. Mvua yetu ni ya baridi, na ikishaanza inakaa miezi, ukuta unaloa, kitanda kinaloa, mtoto anakohoa. Anaclet na Eulalie walizaa watoto watatu. Wavulana wawili walikufa kwa nimonia wakiwa bado wananyonya, katika nyumba ya mbao waliyokuwa wamepanga Kadutu, ambako upepo ulipita kati ya ubao na ubao kama uko kwake. Alibaki msichana mmoja, Nsimire. Tangu hapo Anaclet aliichukia baridi kama mtu anavyomchukia jirani aliyemwibia.

Nyumba zake zote alizijenga namna moja. Iwe ya karani mkubwa wa mjini, iwe ya mjane anayeuza mihogo, ilikuwa ileile. Matofali aliyachukua Nyantende, kwao, na kila lori likishushwa aligonga tofali na tofali karibu na sikio. Yaliyolia vibaya aliyarudisha, na mwenye tanuri akilalamika alimwambia ayajengee choo chake. Miaka ile saruji ilikuwa adimu, na ikipatikana ilikuwa imeshashika unyevu, imejaa mabonge. Waashi wengine waliyaponda yale mabonge wakachanganya hivyohivyo. Anaclet aliichekecha yote, na mabonge akayatupa kwenye njia ya matope, mwenye nyumba akitazama kwa uchungu. Halafu hakupiga plasta mpaka ukuta ukauke kwa namna anayoitaka yeye.

"Papa Anaclet, maliza tu, mvua iko karibu," walimwomba.

"Kama unataka ya haraka, ita mwingine," alijibu. "Mi sijui kujenga namna mbili."

Waashi wote wa Bukavu huacha matundu madogo juu ya ukuta, chini ya mabati, ya kupitisha hewa. Wazungu ndio waliowafundisha, na nyumba za zamani za Bagira zote zinayo. Anaclet hakuacha hata moja. Aliyaita milango ya nimonia. Alisema hajaona mtu aliyekufa kwa kukosa upepo, ila ameona wawili waliokufa kwa kuupata, na sote tulijua anawasema watoto wake.

Nyumba ikiisha, kabla hajakabidhi ufunguo, alifunga mlango na madirisha yote, akawasha mshumaa, akaupitisha polepole kwenye fremu, chini ya mlango, kwenye kona za dari. Mahali moto ulipoinama, alibomoa akarudia. Nimemwona akiondoa dirisha zima lililokwisha kupakwa rangi, mwenye nyumba akimbembeleza kwamba hapo si kitu, ni upepo mdogo tu. Alimwambia huyo bwana kwamba na jeneza la mtoto ni dogo tu. Maneno kama hayo ndiyo yaliyofanya watu wamwogope.

Na hakuishia hapo. Kila mwaka, mvua zinapokaribia, alizunguka kwenye nyumba zake zote bila kualikwa. Alibisha hodi, akaingia, akapapasa kuta kwa kiganja, akatazama kama kuna aliyepigilia msumari pasipotakiwa. Akiukuta, alimgombeza baba mwenye nyumba mbele ya watoto wake. Watu walivumilia kwa kuwa nyumba zilikuwa nzuri kweli. Hazikuvuja. Hazikupasuka, hata zile za mlimani ambako udongo unateremka kila masika. Ukiingia humo kutoka kwenye mvua, unahisi mabega yako yanashuka.

Nsimire alipoolewa na Placide, sote tulifurahi. Placide alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, kijana mpole, mwenye viatu safi hata kwenye matope. Lakini mshahara wa miaka ile ulichelewa, wakati mwingine haukufika kabisa, kwa hiyo walipanga walipopata. Walipata Kadutu, nyumba ya mbao. Eulalie alilia alipoiona.

Mtoto wao wa kwanza, mvulana, alizaliwa mwanzo wa mvua. Hakufika Noeli. Alikohoa, kifua kikaanza kuingia ndani kila akivuta pumzi, wakampeleka hospitali amefungwa kwenye kanga mbili, na walirudi naye amefungwa kwenye hizohizo. Tulimzika Nyantende, karibu na wajomba zake ambao hawakukua. Makaburi yalikuwa yamelowa hivi kwamba udongo ulishika kwenye jembe na ikabidi waubandue kwa mikono.

Anaclet alisimama pale mpaka watu wote walipoanza kuteremka. Kisha akamwambia Nsimire, mbele yangu na mbele ya Eulalie, "Mutoto wako mwingine baridi haitamugusa. Mi njo nasema."

Nsimire alimshika mkono. Alimwamini baba yake kuliko padri, na nasema hivyo kama mtu aliyemlea nusu.

Basi nyumba ya Nsimire ikaanza kiangazi kilichofuata, kwenye kiwanja kidogo cha Placide upande wa juu wa Bagira, unakoona ziwa kipande tu na milima ya Kabare yote. Huko juu ni baridi kuliko mjini. Anaclet aliijenga mwenyewe, baada ya kazi za watu na siku za Jumapili baada ya misa. Alifanya yale aliyoyafanya kwenye nyumba zote, na safari hii aliyafanya kwa ukali zaidi. Matofali mengine alinipa mimi niyasikilize, kwa kuwa, alisema, sikio lake limezeeka. Mlango aliutengeneza kwa ubao mzito wa libuyu, akausugua mpaka ukakaa kwenye fremu bila nafasi ya kupitisha unyasi. Dari aliipigilia kwa mbao nyembamba zilizobanana, kisha akaziba kila mshono.

Placide alikuwa ameona michoro ya nyumba ofisini kwake, na siku moja alijaribu.

"Papa, kwa plan wanachoraka matundu kule juu," alisema. "Kidogo tu. Ya hewa."

Anaclet hakugeuka. "Nani alimuzika mutoto, ile plan ao sisi?"

Kwetu mkwe hamjibu baba wa mkewe. Kama ana neno, analipitisha kwa mjomba au kwa rafiki, na likifika limeshapoa. Placide alitazama viatu vyake, akasema ndiyo papa, akaenda kubeba maji. Nilimwonea huruma. Pia nilimwona kidogo kuwa mtu laini, na hilo ninalisema kwa kuwa ndivyo nilivyoona siku ile.

Mshumaa ulipowashwa humo ndani, moto ulisimama wima kila upande, kwenye kila kona, chini ya mlango. Anaclet alizunguka nao mara ya pili kwa raha tu. Alicheka. Mimi sikuwa nimemsikia akicheka kwa sauti tangu kifo cha mjukuu wake. Nsimire alikuwa ameshabeba mimba nyingine, tumbo limeanza kuonekana, akaweka kiganja chake ukutani kama baba yake alivyozoea kuweka chake, akasema, "Hii haifanane na nyingine, papa."

"Inafanana na zote," alisema Anaclet. "Njo kazi yangu." Lakini nilijua amefurahi.

Nsimire aliitunza nyumba ile kwa namna ya kuudhi. Ukiegemea ukuta, anakwambia ukae kwenye kiti. Picha za harusi aliziegemeza juu ya kabati, hakutaka msumari. Majirani wanawake walikuja kumtembelea, wengine wakiishi nyumba alizojenga Anaclet, wakanong'ona naye uani kwa muda, na mimi nilidhani ni mazungumzo ya wajawazito. Anaclet alikuwa akipita pale kila Jumapili, kabla au baada ya misa, anapapasa kuta, anaketi, anakunywa chai ya binti yake.

Mtoto alizaliwa mvua zimeshika kasi. Msichana, mnene, mwenye sauti. Wakamwita Colombe nyumbani, na jina la Kishi, la kabila letu, kwenye karatasi. Eulalie alihamia kwa Nsimire kumhudumia, kama inavyopasa. Kwetu mzazi haachwi bila moto. Anakaa ndani, anaoga maji ya moto, anakunywa uji wa mtama, na moto unakaa karibu naye na mtoto hadi watakapoanza kutoka. Kule Nyantende moto ulikaa katikati ya nyumba ya nyasi, na moshi ulijua wenyewe pa kupitia. Mjini tunatumia mbabula, lile jiko la bati la makaa. Unaliwashia nje kwenye upepo, unasubiri moshi uishe na makaa yawe mekundu kabisa, ndipo unaliingiza. Ndivyo mama yetu alivyotufundisha, na ndivyo kila mwanamke wa Bagira alivyojua: moshi ndio mbaya, unaharibu macho ya mtoto. Makaa mekundu hayana neno.

Eulalie alifanya hivyohivyo. Aliwasha nje, alisubiri, aliingiza. Siku za kwanza wageni walikuwa wengi, mlango haukufungwa, huyu analeta ndizi, yule analeta sabuni. Nsimire alisema kichwa kinamuuma. Tulisema ni uzazi. Eulalie naye kikamuuma, tukasema ni kukosa usingizi. Mtoto alinyonya vizuri, hakukohoa hata mara moja, na Anaclet alimwambia kila aliyekutana naye njiani kwamba mjukuu wake hakohoi.

Jumapili ile Placide alikuwa Nyantende kwenye msiba wa ndugu yake. Eulalie alikuja kwetu kuchukua nguo safi na unga, akiwa na nia ya kurudi upesi, lakini baada ya adhuhuri ikaanguka mvua ya mawe. Yalipiga mabati kiasi kwamba hatukusikiana mezani. Kule nje uwanja ulikuwa mweupe. Baridi iliyokuja nayo ilikuwa ya kukata mifupa, na Eulalie alizungukazunguka mlangoni akisema Nsimire yuko peke yake.

"Iko mu nyumba yangu," alisema Anaclet. "Kule ni joto kuliko hapa."

Mvua ilipopungua alisema atatangulia kumtazama. Nilimfuata kwa kuwa nilikuwa na shuka la mtoto nililomaliza kulishona. Tulitembea juu ya mawe ya barafu yaliyokuwa yakiyeyuka, viatu vinateleza, yeye mbele. Tulipofika, mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, na hapo hatukushangaa, kwa baridi ile nani asingefunga. Anaclet alibisha. Akaita. Akabisha kwa ngumi. Mimi nilizunguka nyuma nikagonga kioo cha chumba kupitia nondo za dirisha, pazia lilikuwa limeshushwa, sikuona kitu. Nilirudi mbele mbio.

Alikuwa ameanza kuupiga mlango kwa bega. Mlango ulikuwa wake, wa libuyu, uliokaa kwenye fremu bila nafasi, na haukutikisika. Aliupiga kwa bega, akaupiga kwa mguu, akachukua jiwe. Nilipiga kelele kuita majirani. Alikuja mwanamume mmoja na shoka, wakaanza pamoja, na ule ubao ulikatika vipande vidogo vidogo, polepole, na Anaclet alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka, nadhani alikuwa akiutukana. Tangu siku ile, mtu akianza kupasua kuni karibu nami, naondoka.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Nasema zuri kwa sababu ndicho nilichohisi kwanza, kabla sijaona. Nsimire alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango wa chumba, kama aliyetaka kutoka. Mbabula ilikuwa karibu na kitanda, makaa mekundu, hakuna moshi hata kidogo. Anaclet alimbeba Nsimire, akamtoa nje kwenye barafu. Mimi nilimchukua mtoto. Alikuwa amefunikwa vizuri, mwili wake ulikuwa na joto, na alikuwa amekufa.

Nsimire alitapika pale nje, akafungua macho, akayafunga tena. Alipona. Ilichukua muda, na kwa majuma mengi aliongea polepole, akitafuta maneno, lakini alipona.

Kwenye kituo cha afya kulikuwa na mtawa aliyetuhudumia, ambaye sote tulimwita masera. Alimtazama Nsimire, akamtazama mtoto, akauliza kama kulikuwa na makaa ndani. Eulalie, aliyekuwa amefika akiwa amelowa chapachapa, alisema ndiyo, lakini mekundu, masera, hayakuwa na moshi.

"Hata bila moshi," alisema masera. "Makala inatoaka sumu yenye haionekane. Kama haipate njia ya kutoka, inaua." Kisha akamgeukia Anaclet. "Hii nyumba haina matundu kule juu?"

"Hakuna hata moja, masera," Anaclet alijibu haraka, kama mtu anayesifiwa.

Nilimwona Anaclet akiyasikia maneno yake mwenyewe. Alikuwa bado na vipande vya ubao kwenye mikono ya koti, akaanza kuvitoa kimoja kimoja na kuviweka juu ya meza ya masera, na Eulalie akainama akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuijua. Mimi nilimkasirikia Anaclet wakati ule, hasira ya kweli, ya kutaka kumpiga. Halafu nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nimemwona dada yangu akiingiza ile mbabula na nikamsifia makaa yake, na hasira haikupata pa kwenda.

Tulimzika Colombe Nyantende, ambako Placide alikuwa akitungoja. Safari hii hapakuwa na mvua.

Nsimire alikaa kwetu, kwenye kitanda cha mama yake, chini ya matundu ya Wazungu, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa moja ya zile za zamani za kupanga. Anaclet alikaa uani siku zote za matanga. Matanga yalipoanuliwa, asubuhi yake alichukua nyundo na patasi, akavaa koti. Eulalie alimwuliza anakwenda wapi.

"Kutoboa," alisema. "Nyumba zote. Kila mahali mwanamuke anazaa."

Eulalie aliniangalia, nikaelewa nimfuate. Nilimfuata, kwa kuwa sikumwamini peke yake na ile nyundo.

Tulianza kwa Valérie, mke wa karani wa forodha, ambaye nyumba yake Anaclet aliijenga kabla ya zote za mtaa ule. Valérie alitufungulia, na alipoiona nyundo alirudi nyuma hatua. Anaclet alimweleza kwa maneno machache, sauti yake haikupanda hata kidogo, kwamba ukuta unahitaji tundu, naye atalitoboa leo bila kudai kitu. Valérie alisimama pale akikunja kitambaa cha kiunoni. Kisha akaenda ukutani, juu ya kabati, akapanda kiti, akaondoa kalenda ya parokia.

Nyuma yake kulikuwa na tundu. Lilikuwa la upana wa ngumi, limechongwa ovyo, kingo zimemeguka, na mwanga wa nje uliingia pale.

Anaclet alilitazama. Nilingoja agombe. "Nani alifanya?" aliuliza.

"Miye, papa. Na kisu na nyundo." Valérie aliteremka kwenye kiti. "Wakati ya kuzaa Benoît. Kichwa iliniuma siku zote, na siku moja nilianguka na mutoto mukononi. Mama mukwe akasema, hapa ndani hakuna pumzi."

Tulikwenda kwa mjane Françoise. Tundu lake la kwanza lilikuwa chini, nyuma ya gunia la maharagwe, na la pili juu ya dirisha, limezibwa kwa kitambaa ambacho, alisema, anakiondoa kila anapowasha moto na kukirudisha miezi ya Papa Anaclet kupita. Nyumba ya tatu tundu lilikuwa ndani ya kabati la nguo. Ya nne walikuwa wameondoa ubao mmoja wa dari na kuuweka juu bila kuupigilia. Ukiacha ya Nsimire, hakuna nyumba ya mshumaa tuliyoingia iliyokuwa imebaki nzima. Wanawake walikuwa wamezitoboa zote, kimyakimya, mmoja akimwambia mwenzake kwenye bomba la maji, na waume wengine hawakujua.

Kwenye ile nyumba ya nne Anaclet aliketi bila kukaribishwa. Mwenye nyumba alikuwa Marie-Louise, mwanamke mkubwa, mwimbaji wa kwaya, ambaye hakuwa mtu wa kuogopa watu.

"Juu ya nini hamukunambia?" aliuliza Anaclet. "Miaka yote hii. Neno moja tu."

"Papa Anaclet," alisema Marie-Louise, "ulimugombeza bwana yangu mbele ya batoto juu ya musumari moja. Musumari ya kutundika kofia. Sasa nikwambie nimetoboa ukuta?"

Anaclet aliinamisha kichwa. Marie-Louise alimtazama akiwa hivyo, na nadhani alitaka kumhurumia, lakini alikuwa amezika hasira yake mwenyewe kwa muda mrefu. "Na Maman Eulalie hatukumwambia, juu angekwambia," aliongeza. "Lakini Nsimire tulimwambia. Mi na Valérie, kule kwake uani. Tulimwambia, toboa mbele ya kuzaa."

Anaclet aliondoka hapo bila kuaga. Nyundo na patasi aliziacha sakafuni kwa Marie-Louise, nikazibeba mimi. Hakutembea upesi. Kwenye kona ya soko watu walimpa pole, naye aliwajibu kila mmoja vizuri, kwa adabu ambayo si yake, na hilo liliniogopesha kuliko kama angetukana.

Nsimire alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwenye mto. Maziwa yake yalikuwa bado hayajakauka, na Eulalie alikuwa akimkanda kifua kwa kitambaa cha maji ya moto. Anaclet alisimama mlangoni. Kwa desturi asingeingia binti yake akiwa hivyo, lakini Eulalie alimfunika kwa shuka, akamwachia nafasi.

"Walikwambia kutoboa?" aliuliza Anaclet.

Nsimire alitafuta maneno kwa muda.

"Walinambia," alisema. "Valérie alinileteaka na kisu yake."

"Na weye?"

"Nilipanda kwa kiti. Niliweka kisu kwa ukuta. Halafu nikasema, papa anakujaka kila dimanche kuangalia ukuta yake. Ataona tundu, atasikitika. Nikashuka."

Anaclet aliketi chini sakafuni palepale mlangoni, miguu imenyooka mbele yake, mikono imelegea. Hakulia. Nsimire alimwambia asikae hapo, sementi iko baridi, lakini hakuinuka.